Saa ya Jua na Saa ya Tumbo: Utangulizi

Ni saa kumi na nusu ya usiku katika nyumba ya matofali mjini Manchester. Mbwa mrefu, mwembamba, mwenye kifua kirefu na kiuno cha nyigu, amesimama kando ya kitanda cha watu aliowajua kwa siku nne tu. Habweki. Anahema, anakwaruza zulia, anakwenda mlangoni, anarudi. Wenye nyumba wamelala saa sita. Chakula alipewa saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kama walivyoelekezwa walipomchukua. Wanatazamana gizani: ana njaa? Anaumwa? Au tumekosea kumchukua?

Karibu, msomaji. Kitabu hiki kinaanzia kando ya kitanda hicho.

Elimu ya mienendo ya wanyama ina malango makubwa, na wengi wetu tumeingia kupitia simba wa Serengeti au sokwe wa Gombe. Mimi nimekuchagulia mlango mdogo, mbwa wa mbio wa aina ya Greyhound anayehamia nyumba ya watu baada ya kustaafu. Nimeuchagua kwa sababu ni nadra kumpata mnyama mzima aliyeishi miaka kadhaa kwa ratiba moja kali, kisha kwa siku moja akahamishiwa ratiba nyingine kabisa. Katika uhamisho huo yale ambayo kwa kawaida hujificha ndani ya mwili hujitokeza wazi, nawe unaweza kuyaona ukiwa umeketi jikoni kwako.

Tuanze na alikotoka. Mwaka 1926 katika uwanja wa Belle Vue, Manchester, mbwa hawa walianza kushindanishwa Uingereza kwa kumfukuza sungura wa bandia anayevutwa kwa mtambo, na mchezo ukaenea haraka. Ulikuwepo pia Marekani, Ireland, Australia na New Zealand. Mbwa wa mbio ana uzito wa kilo 27 hadi 36 hivi, na akifyatuka hukaribia kilomita 70 kwa saa. Wengi hustaafu wakiwa na umri wa miaka miwili hadi mitano, ilhali wanaweza kuishi hata kupita kumi. Mwaka 2018 wapiga kura wa jimbo la Florida waliamua mbio hizo zikome ifikapo mwisho wa 2020, na mbwa wengi wakahitaji nyumba.

Nyumba kwao ni nchi ya kigeni. Mbwa huyu amekulia katika banda lenye mbwa wengine wengi, akilala huku akisikia pumzi zao. Huko wahudumu hufika alfajiri, taa huwashwa, milango hufunguliwa, mbwa hutolewa uani kukojoa, kisha chakula. Kila siku mpangilio ni uleule. Huenda hajawahi kupanda ngazi wala kukutana na mlango wa kioo, na hajawahi kulala peke yake hata usiku mmoja. Tunapomwita mkaidi kwa kuamka saa kumi na nusu, tunamtukana mfanyakazi mwaminifu aliyeripoti kazini kwa wakati. Nasema hivi kwa mkazo, kwa kuwa nimeona mbwa wema wakirudishwa walikotoka kwa kosa la kutunza muda.

Anautunzaje muda huo? Hapo ndipo utamu wa elimu hii ulipo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Uswisi, Auguste Forel, alizoea kupata kifungua kinywa nje ya nyumba, na nyuki wakazoea kuja kwenye jamu. Aliona kwamba walifika saa ileile hata siku ambazo meza haikuwa na jamu. Mwaka 1929 Ingeborg Beling alichapisha majaribio yaliyothibitisha kwamba nyuki hufundishika kufika kwa saa maalumu. Kabla yake, mwaka 1922, Curt Richter wa Marekani alikuwa ameandika kwamba panya wanaolishwa kwa saa ileile kila siku huanza kuhangaika na kukimbia kabla chakula hakijafika. Mama anayewatupia kuku pumba kila jioni hahitaji kusomewa haya: akichelewa kidogo, huwakuta wamejipanga mlangoni.

Swali gumu lilikuwa saa hiyo iko wapi mwilini. Mwaka 1972 maabara mbili tofauti za Marekani zilionyesha kwamba ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna vifungu viwili vidogo vya chembe hai vinavyoongoza mzunguko wa mwili wa takriban saa 24. Vifungu hivyo hurekebishwa na mwanga wa jua. Wengi wangedhani jambo limekwisha hapo. Lakini mwaka 1979 Friedrich Stephan na wenzake walionyesha kwamba panya walioharibiwa vifungu hivyo, wasio na mpangilio tena wa kulala na kuamka, bado waliutarajia mlo wao kwa wakati! Kumbe kuna saa nyingine, isiyotegemea jua, inayorekebishwa na chakula chenyewe. Watafiti wanaendelea kuitafuta ilipo. Katika kitabu hiki naiita saa ya tumbo, ingawa tumbo si lazima liwe makao yake.

Kwa hiyo mbwa wetu wa Manchester ana saa mbili, na zote mbili zimetegwa kwa maisha ya bandani. Ile ya jua itajirekebisha kwa mwanga wa nyumba mpya. Ile ya tumbo itafuata bakuli, lakini itafuata polepole.

Juu ya saa hizo kuna tabaka la tatu, nalo ni kujifunza. Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, anakumbukwa kwa mbwa waliotokwa mate kwa kusikia sauti iliyotangulia chakula. Linalonivutia zaidi ni jaribio jingine la maabara yake ambalo watu hulisahau. Mbwa alilishwa kila baada ya dakika 30, bila sauti wala taa. Baada ya muda, chakula kikizuiwa, mate yalitoka kadiri dakika ya 30 ilipokaribia. Kupita kwa muda kulikuwa kumegeuka ishara.

Sasa rudi chumbani. Usiku wa kwanza mwenye nyumba aliamka saa kumi na nusu, akamhurumia mbwa, akateremka, akawasha taa ya jikoni, akamwagia punje mbili tatu bakulini. Alidhani amemtuliza, na kumbe alikuwa amemfundisha somo: ukikwaruza zulia, mtu huinuka, na mtu akiinuka, chakula huja. Usiku wa pili akajikaza. Wa tatu akashindwa, akalisha tena. B. F. Skinner na Charles Ferster walionyesha kwa kina katika kazi yao ya 1957 kwamba tendo linalolipwa mara moja moja, bila mpango, hudumu kuliko linalolipwa kila mara. Huruma ya mara moja moja ni mwalimu hodari kupindukia. Na mtu anapoamua kuacha kabisa, jambo huzidi kabla ya kupungua: mbwa hukwaruza kwa nguvu mpya siku mbili tatu, kama mtu anayegonga zaidi mlango uliozoea kufunguliwa. Wengi hukata tamaa hapo, wakati kazi imekaribia kwisha.

Lakini usikimbilie kumpuuza mbwa! Hili nalitilia uzito kuliko lolote katika utangulizi huu, kwa sababu kilio kimoja kinaweza kuwa na vyanzo vingi. Mbwa wa mbio ana mafuta machache mno mwilini na manyoya mafupi, na saa kumi usiku nyumba ya Uingereza huwa imepoa. Huenda anatetemeka tu, na fulana yake ya kulalia au blanketi litamaliza tatizo. Huenda kibofu kimejaa kwa kuwa alitolewa mara ya mwisho saa mbili usiku. Mtoe saa tano. Akitapika povu la manjano alfajiri, yawezekana tumbo limekaa tupu muda mrefu, na kipande kidogo cha chakula kabla ya kulala humsaidia. Na huenda ni upweke, ambao dawa yake ni kuhamishia tandiko lake karibu na watu. Anayekunywa maji kupita kiasi, anayekonda au kuharisha, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya somo lolote. Tena usimguse akiwa usingizini. Baadhi ya mbwa hawa hulala macho nusu wazi na hushtuka vibaya, basi mwite jina kwanza.

Ukishaondoa hayo, ndipo ufundi unaanza, nao si mgumu. Gawa chakula mara mbili kwa siku. Wanyama wenye kifua kirefu kama hawa wamo katika hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda, ugonjwa unaoua kwa saa chache, na mlo mmoja mkubwa unaoliwa kwa pupa huiongeza hatari hiyo. Kisha vunja ndoa iliyopo kati ya kuamka kwako na bakuli. Amka, mtoe nje, oga, chemsha chai, na nusu saa baadaye ndipo umlishe. Saa ya mlo isogeze kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu. Ukiruka saa nzima kwa mkupuo, saa ya tumbo haitakufuata papo hapo. Weka mapazia mazito.

Kuhusu mapazia nina neno kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Ulaya. Lugha yetu huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na hesabu hiyo inakubalika kwetu kwa sababu Dar es Salaam alfajiri haisogei hata saa moja mwaka mzima. Manchester jua la Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, la Desemba baada ya saa mbili asubuhi. Juu ya hilo, Jumapili ya mwisho ya Oktoba watu hurudisha mishale ya saa nyuma kwa saa moja, na mbwa aliyekuwa akiamka saa kumi na mbili sawasawa ataonekana ameamka saa kumi na moja. Yeye hajabadilika, saa ya ukutani ndiyo iliyobadilika. Anza kumsogeza wiki moja na nusu kabla.

Sura zinazofuata zitaingia ndani zaidi: usingizi wa mbwa, ambao hukatika mara nyingi kwa usiku mmoja; njaa na homoni zake; kisha ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa wale ambao mbwa hawaingii nyumbani mwao. Huhitaji maabara ili kuifuata elimu hii.

Nakuomba jambo moja kabla hujafungua sura ya kwanza. Tafuta daftari, liweke karibu na kitanda, na kwa usiku saba andika saa aliyoamka mnyama wako, baridi au joto la chumba, saa aliyokojoa mara ya mwisho, na ulichofanya wewe alipokuamsha. Andika hata usiku ulioshindwa ukamlisha. Uje na daftari hilo, tutalisoma pamoja.