Usonji Ukubwani: Punguza Kujificha

Usonji hauishii utotoni. Watu wazima wengi wenye usonji huuficha: hujilazimisha kutazama watu machoni, huiga vicheko vya wenzao, huzuia mikono isitikisike. Jioni huwa wamechoka hoi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 nchini Uingereza ulihusisha kujificha huku na mawazo ya kujiua.

Kama ni wewe, punguza polepole. Anza na mtu mmoja unayemwamini. Mwambie, "Nikitazama chini, bado nakusikiliza." Baada ya kazi au matanga, tenga nusu saa ukae peke yako. Nawe jamaa yake, usimkemee akitikisa mikono, humtuliza.

Mawazo ya kujiua yakikujia, usingoje kesho. Fika kituo cha afya leo.