Karatasi za Mashua

Mtu akinunua mashua ya tanga iliyokwisha kutumika, hupata mlingoti, matanga na injini. Mara nyingi vitabu vya maelezo vimepotea. Afanye nini?

Kwanza atazame nyuma ya mashua, upande wa kuume. Mashua zilizotengenezwa Marekani tangu Novemba 1972 zina alama 12 hapo. Herufi tatu za kwanza humtambulisha mtengenezaji. Injini nayo ina namba yake. Kwa namba hizo atakiuliza kiwanda kitabu kinachofaa.

Kisha achore mashua, aonyeshe kila tundu la chini ya maji na mahali pa kulifungia. Bomba likipasuka usiku, asiyejua mahali hapo atazama.

Karatasi zote aziweke katika mfuko usioingia maji. Siku ya kuuza mashua, ampe mnunuzi na karatasi zake.