Breki za dramu katika magari ya zamani: dalili za hitilafu na hatua za kuchukua

Kahawa na mahindi yanayovunwa katika vijiji vya Wilaya ya Mbozi husafiri mwendo wa kwanza kwa magari yaliyokwisha kula chumvi nyingi. Land Rover za Series, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1948 na 1985, bado zinabeba magunia, wagonjwa na abiria mahali ambapo magari mengine hukwama. Wamiliki wake katika Kata ya Ruanda wanazisifu kwa uimara na kwa kuwa fundi yeyote mwenye spana anaweza kuzifungua. Hata hivyo, magari hayo yanatumia breki za dramu katika magurudumu yote manne, na breki hizo zinadai uangalizi ambao dereva aliyezoea gari la kisasa anaweza asiufahamu.

Makala haya yanaeleza dalili za breki za dramu zenye hitilafu, chanzo cha kila dalili na hatua inayofaa. Jambo la msingi ni moja: breki hizi ni nadra kufa ghafla bila kutoa taarifa. Pedali, usukani na harufu hutangulia kusema, na uhai wa waliomo ndani ya gari hutegemea kama dereva amesikiliza.

Zinavyofanya kazi

Ndani ya kila gurudumu mna dramu ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya dramu mna viatu viwili vya breki, ambavyo mafundi huviita breki shuu, vilivyovikwa laining. Dereva anapokanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu. Silinda hizo hutanua viatu, laining hugusa dramu, na msuguano hupunguza mwendo. Mguu ukiondolewa, springi huvirudisha viatu mahali pake.

Katika magari mengi ya zamani mfumo wa mafuta ni mmoja kwa magurudumu yote. Bomba likipasuka kwenye gurudumu moja, magurudumu yote manne hukosa breki. Hii ndiyo sababu uvujaji mdogo haupaswi kuachwa hadi kesho.

Pedali inasema nini?

Pedali ikizama sana mara ya kwanza, kisha ikapanda inapokanyagwa mara ya pili au ya tatu, kwa kawaida viatu vimekuwa mbali na dramu kwa sababu laining imelika. Breki za aina hii hazijirekebishi zenyewe. Nyuma ya bamba linaloshikilia viatu mna nati ya kurekebishia. Gurudumu huinuliwa, nati huzungushwa hadi gurudumu likamatwe, kisha hulegezwa kidogo hadi lizunguke bila kushikwa. Kazi hiyo hufanyika kwa magurudumu yote. Laining ikiwa imekaribia ribiti, marekebisho hayatoshi. Ni lazima ibadilishwe.

Pedali ikibonyea kama sponji, kuna upepo ndani ya mabomba. Fundi hutoa upepo akianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Lakini upepo hauingii bila mlango: kwanza itafutwe sehemu inayovuja, ndipo upepo utolewe.

Pedali ikishuka polepole wakati mguu umetulia juu yake, na hakuna mafuta yanayoonekana kuvuja nje, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Kuongeza mafuta hakuponyi tatizo hilo.

Madereva wengi wamezoea kupampu pedali na kuendelea na safari, wakiamini kwamba breki inayopatikana kwa kukanyaga mara tatu ni breki. Kwenye barabara tambarare mazoea hayo yanaweza kudumu miezi. Mbuzi au mtoto anapokatiza barabara, dereva ana nafasi ya kukanyaga mara moja tu.

Gari likivuta upande mmoja

Usukani ukivutwa kulia au kushoto wakati wa kufunga breki, gari linakwenda kwenye upande ambao breki zake zinashika vizuri zaidi. Kwa hiyo ugonjwa huwa upande wa pili: silinda iliyokwama kwa kutu, viatu visivyorekebishwa sawasawa, au laining iliyolowa mafuta.

Mafuta hayo yana asili mbili. Yakiwa mazito na yenye harufu kali ya oili ya difu, sili ya ekseli imechoka. Yakiwa mepesi, nayo yanaharibu rangi ya gari yanapoigusa, ni mafuta ya breki kutoka silinda ya gurudumu. Laining iliyonyonya mafuta haifai kuoshwa kwa petroli na kurudishwa, kwa kuwa joto huyatoa tena mafuta yaliyojificha ndani. Ibadilishwe, na ibadilishwe pande zote mbili za ekseli ili magurudumu yashike kwa nguvu sawa.

Joto, kelele na maji

Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine baada ya safari fupi, viatu vyake haviachii. Springi iliyokatika, silinda iliyokwama au mpira wa breki uliovimba kwa ndani huleta hali hiyo. Mkono usogezwe karibu na dramu bila kuigusa, kwa sababu joto lake huweza kuunguza.

Kelele ya chuma kusaga chuma maana yake ni kwamba ribiti zimefika kwenye dramu. Dramu yenye mifereji au iliyopoteza mviringo wake inaweza kukerezwa, lakini kuna kipenyo ambacho haipaswi kukizidi. Ikizidi hapo huwa nyembamba, hupata moto haraka na inaweza kupasuka.

Wakati wa masika, gari likivuka maji, dramu hujaa maji na breki hupotea kwa muda. Dereva aendeshe polepole huku akigusa pedali kidogo hadi breki zikauke. Tope lililoingia ndani lioshwe mapema, kwani husaga laining kama tupa.

Breki ya mkono ya Land Rover

Hapa pana hatari ambayo imefichika. Katika Land Rover za Series, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika dramu moja iliyo nyuma ya giaboksi, mahali inapoanzia propela ya kwenda nyuma. Gurudumu moja la nyuma linapoinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke, na gari linaweza kutembea na kuanguka kutoka kwenye jeki hata kama breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Propela ya nyuma ikifunguliwa au ekseli ya nyuma ikikatika, breki hiyo huwa haina cha kushika.

Kwa hiyo, kabla ya kuinua gari, liegeshwe mahali tambarare na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa magogo au mawe makubwa, mbele na nyuma. Mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Breki ya mkono ikipoteza nguvu ingawa imerekebishwa, aghalabu oili ya giaboksi imevuja na kulowesha viatu vyake.

Vumbi na mafuta yasiyofaa

Laining nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likivutwa huweza kusababisha saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu miaka mingi baadaye. Dramu isipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Vumbi liloweshwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko kabla ya kutupwa. Watoto wasikae karibu na kazi hiyo.

Mafuta ya breki nayo yasibadilishwe na oili ya injini wala ya haidroli. Oili hizo huvimbisha raba na kuharibu mfumo mzima. Hata mafuta sahihi yana umri wake: hunyonya unyevu wa hewa, na maji yaliyomo huchemka breki zinapopata moto mkali. Mvuke hubonyea kuliko mafuta, hivyo pedali huzama hadi sakafuni. Ni busara kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili.

Kwenye mteremko

Barabara kuu ya TANZAM inayoelekea Tunduma inapita katika mteremko wa Senjele, unaojulikana kwa ajali. Mahali kama hapo, breki za dramu hukutana na adui wake mkubwa, yaani joto. Dramu ikipata moto hutanuka na kuviacha viatu nyuma, na laining hupungua ushikaji wake. Dereva hukanyaga zaidi na kupata kidogo.

Dawa ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ishike gari, na breki zitumike kwa kukanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kisha kuachia ili zipoe. Kuburuza mguu juu ya pedali tangu juu hadi chini, au kushuka gia ikiwa huru kwa nia ya kuokoa mafuta, ni kuziondoa breki kabla hazijahitajika. Harufu ya laining kuungua ni amri ya kusimama. Dramu zisimwagiwe maji, kwa kuwa chuma cha moto hupasuka. Ziachwe zipoe zenyewe.

Ukaguzi wa kila safari

Kabla ya gari kupakiwa, dereva aangalie kiasi cha mafuta ya breki, achungulie ndani ya magurudumu kama kuna majimaji, akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia kwa nusu dakika, kisha ajaribu breki kwa mwendo mdogo. Ukaguzi huo hauchukui dakika tano.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha barabarani gari lenye hitilafu. Kurekebisha viatu ni kazi ambayo mmiliki makini anaweza kujifunza, lakini silinda, mabomba na sili zifunguliwe na fundi mwenye mafunzo. Abiria nao wana wajibu: wanapoona dereva anapampu pedali kila anapotaka kusimama, wamtake aegeshe gari, nao washuke kabla ya mteremko.