Mwandishi wa Mahakama na Mashine Isikilizayo

Mzazi wa Nyakunguru aliyeuza ng'ombe ili binti yake asomee uhazili humjia mchungaji na kuuliza kama kazi hiyo ingalipo serikalini. Zamani jibu lilikuwa jepesi: aliyehitimu Chuo cha Uhazili Tabora alitazamia meza, taipureta na mshahara wa kila mwezi. Leo yatupasa kujibu kwa uangalifu zaidi.

Mfano ulio wazi ni mahakama. Kwa miaka mingi hakimu aliandika ushahidi kwa mkono. Shahidi alinena kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, kisha wapiga chapa wakazinakili. Mfungwa aliyetaka kukata rufaa alingoja nakala ya mwenendo wa shauri lake, na pengine alingoja sana. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Baadaye Mahakama ya Tanzania, ikishirikiana na kampuni ya Almawave ya Italia, ilileta mfumo wa akili mnemba unaosikiliza yanenwayo mahakamani, kuyaandika, na kuyafasiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Kufikia 2024 mfumo huo ulikuwa umefungwa katika baadhi ya mahakama.

Mashine hiyo haielewi kama sisi tuelewavyo. Imefundishwa kwa sauti nyingi zilizorekodiwa pamoja na maandishi yake, nayo hukisia neno lipi laelekea kuwa ndilo lililotamkwa. Hapo ndipo shida ya Nyakunguru inapoanza. Kikuria hakina sauti ya "l"; mzee wetu anenapo Kiswahili, "mahali" huweza kutoka kinywani mwake kama "mahari". Katika shauri la ng'ombe, tofauti hiyo si ndogo! (Msomaji wa Waamuzi 12 anajua jinsi watu walivyouawa kwa ajili ya matamshi.) Na asiyejua ila Kikuria angali anahitaji mkalimani, kwa maana lugha yake haimo katika zile mbili.

Basi kazi ya kupiga chapa inapungua, wala si vema kumficha mzazi jambo hilo. Inayobaki ni kazi ya kuhakiki: kuisikiliza sauti upya, kuilinganisha na maandishi, kusahihisha, na kuwa na ujasiri wa kumwambia hakimu kwamba mashine imekosea. Ni kazi ya watu wachache, na yenye lawama kubwa. Katika Yeremia 36, wakuu walipomwuliza Baruku jinsi alivyoyaandika maneno yale yote, yeye mwenyewe alijibu. Mashine haiwezi kuitwa kizimbani itoe jibu kama hilo. Lazima awepo mtumishi wa kujibu.

Kwa sababu hiyo nawashauri wazazi kwamba binti asome, ila asitumainie wepesi wa vidole. Aongeze sheria na ukalimani, na wakati wa likizo aketi na nyanya yake akijifunza Kikuria ambacho shule haikumfundisha.