Bustani ya wazee ianze na utulivu

Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga. Lakini neno hilo lina sharti: lisikike. Katika miji yetu inayokua, wazee wengi hawanyamazi kwa kukosa la kusema. Hunyamaza kwa kuwa kelele zimewashinda.

Tuitazame Oldonyo Sambu, iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Namanga. Jina lake ni la Kimaa, na neno oldonyo maana yake ni mlima. Kwa Waarusha na Wamaasai, wazee kukutana chini ya mti kuamua mambo ya jamii ni desturi ya tangu kale. Baraza hilo halikuhitaji jengo; lilihitaji kivuli na utulivu. Kivuli chaweza kupandwa. Utulivu ni mgumu zaidi kuurejesha, kwani malori ya kwenda na kutoka Kenya hupita hapo, na kama ilivyo kwingineko, maduka na nyumba huifuata barabara.

Tunapozeeka, masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba. Konsonanti kama s, f na t hufifia, na mzee husikia kwamba mtu anasema asijue anasema nini. Mazungumzo ya watu walio umbali wa mita moja hufikia takriban desibeli 60. Lori zito likipita karibu laweza kuzidi 80. Kijana hukisia neno lililomezwa na kelele. Mzee hushindwa, huona haya kuuliza mara ya tatu, na mwishowe huchagua kubaki nyumbani. Upweke huanza hivyo. Tena, kelele za kudumu huvuruga usingizi na huhusishwa na maradhi ya moyo. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za barabarani uwe chini ya desibeli 53 kwa siku nzima, na chini ya 45 usiku.

Wapo waliotutangulia katika jambo hili. Mjini Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili, iliyojengwa miaka ya 1480, ilisifika kwa kuwatuliza wagonjwa kwa sauti ya maji na ya ala. Huko Berlin, uwanja wa Nauener Platz, ulio kando ya barabara zenye magari mengi, ulipofanywa upya wakazi waliulizwa wangependa kusikia nini. Ukajengwa ukuta mfupi wa mawe upande wa barabara, na vikawekwa viti vitoavyo sauti za ndege na maji.

Sisi hatuhitaji viti vya namna hiyo. Upande huu wa Meru ni mkavu, hivyo kurusha maji kwa mapambo si busara. Ndege watakuja wenyewe wakipandiwa miti. Yanayotakiwa ni mambo manne.

La kwanza ni mahali. Kelele za magari yapitayo mfululizo hupungua takriban desibeli 3 kila umbali unapoongezeka maradufu. Bustani iliyo mita 80 kutoka barabarani ina nafuu ya desibeli 9 kuliko iliyo mita 10. Lakini isiwe mbali mno, kwani miguu ya mzee nayo ina haki yake.

La pili ni tuta la udongo upande wa barabara, refu kupita kichwa cha aliyeketi. Likizuia macho kuyaona magari, hupunguza takriban desibeli 5. Safu moja ya miti haifanyi kazi hiyo. Kazi yake ni kivuli na makazi ya ndege.

La tatu ni viti vyenye egemeo, vilivyopangwa kuelekeana, ili mzee aone midomo ya anayesema naye. La nne ni kuweka vituo vya bodaboda na vipaza sauti vya biashara mbali na hapo.

Nchi yetu ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa viwango vya kelele. Mambo haya mawili yakutane katika ramani ya mji, mapema, kabla eneo la wazi halijawa fremu za maduka.

Nasi Waislamu tunaweza kuanza bila kungoja halmashauri. Miongoni mwa nasaha za Luqman kwa mwanawe imo ya kushusha sauti. Msikiti wenye ua waweza kutenga pembe iliyo mbali na barabara, ikapandwa mringaringa na kuwekwa viti viwili vya kuelekeana, wazee wakakaa hapo baina ya Alasiri na Magharibi, na wajukuu wakaletwa kuwasikiliza.

Viwanja vinapopimwa, wazee waulizwe swali moja: ni wapi mnasikizana bila kupaza sauti? Hapo ndipo pa kuweka bustani.