Sungura Ndani ya Nyumba Yenye Paka na Kuku

Sungura wa kufugwa ni mnyama mpole. Hapigi kelele, na watoto wanampenda. Ndiyo maana watu wengine hawamfungi bandani. Wanamwacha atembee chumbani, ukumbini na uani, humo humo wanamopita paka, kuku na mbuzi. Jambo hilo linawezekana, lakini lina masharti yake.

Mara nyingi tunasikia, "Sungura wa mtoto amekufa ghafla." Hana jeraha wala damu. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema ni kijicho, yule anamlaumu jirani mwenye paka. Majirani wananuniana kwa ajili ya sungura mmoja! Kumbe sungura anaweza kufa kwa hofu tu, hata kama paka hakumgusa. Akishtuka sana, moyo unaweza kusimama. Au anaacha kula, tumbo linaacha kufanya kazi, na baada ya siku chache anakufa. Sungura aliyeshinda siku nzima bila kula ni mgonjwa. Usingoje kesho.

Hebu tumjue kwanza. Sungura wa hadithi za bibi, yule mjanja aliyewashinda fisi na simba, ni sungura wa porini. Huyo hachimbi shimo. Hujilaza kwenye majani, na akiona hatari hutoka mbio. Huyu wa kufugwa ni wa ukoo mwingine. Wazee wake walitoka nchi za Hispania na Ureno, nao waliishi katika mashimo waliyochimba wenyewe. Basi akitishwa, anatafuta shimo. Akilikosa anaganda pale pale, au anakurupuka na kujigonga ukutani.

Kwa hiyo mpe shimo lake ndani ya nyumba. Chukua kasha la mbao, lifunike juu, utoboe milango miwili, mmoja huku na mmoja kule. Kwa nini miwili? Kwa sababu paka akiingia mlango huu, sungura atokee mlango ule. Kasha la mlango mmoja ni mtego. Liweke pembeni penye kivuli, wala usiruhusu watoto wamtoe humo kwa nguvu.

Sasa tuseme juu ya paka. Pwani yetu ya Moa ni ya wavuvi, na penye samaki paka hakosi. Usimkutanishe na sungura siku ya kwanza. Muda wa wiki moja au mbili, mweke sungura ndani ya tundu imara, chumba kile kile anachopita paka. Waonane, wanusane, wazoeane. Kisha siku moja mshibishe paka kwanza, ndipo umfungue sungura, na wewe ukae hapo hapo. Mtazame paka. Akilala na kujilamba, vizuri. Akiinama chini, akakazia macho na kutikisa ncha ya mkia, huyo anawinda. Mtoe nje. Mtazame na sungura pia. Akipiga sakafu kwa mguu wa nyuma anasema kuna hatari. Akijinyoosha ubavu, ametulia.

Paka aliyekua pamoja na sungura tangu udogoni huzoea upesi zaidi. Lakini vitoto vya sungura usiviache kamwe mbele ya paka, hata paka mpole namna gani. Kwake hivyo ni kama panya tu.

Jeraha la paka usilidharau. Meno na kucha zake zina vijidudu vinavyoingia ndani ya nyama, na kitundu kidogo kama cha sindano chaweza kumwua sungura. Osha jeraha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kisha nenda kwa ofisa mifugo siku ile ile. Na jambo hili likumbuke sana: usimpe vidonge vya watu vya ampisilini au amoksilini. Akivimeza vinaharibu tumbo lake na vinaweza kumwua.

Mbwa je? Kwetu mbwa wengi hawalali ndani. Kazi yao ni kulinda shamba, kufukuza nyani na nguruwe mwitu. Mbwa aliyezoea kufukuza hawezi kuambiwa leo kwamba huyu ni mwenzake. Mimi naona usijaribu. Lakini mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, hiyo ni kwa usalama wako na wa watoto.

Kuku hawamli sungura, ila jogoo anaweza kumdonoa jicho. Tena kinyesi cha kuku kikiingia katika chakula au maji huleta magonjwa. Kila mmoja awe na chombo chake.

Nyumba nayo ina hatari zake, na sungura ana hasara zake. Meno yake yanakua maisha yake yote, kwa hiyo hutafunatafuna kila siku. Atatafuna mkeka, ukili na waya wa simu au wa sola. Atatafuna nyavu! Mvuvi anayeacha nyavu za nailoni sakafuni asije akalia asubuhi. Vitundike juu vyote hivyo. Mpe nyasi nyingi, na vijiti vya kuguguna. Sumu ya panya isiwekwe kabisa katika nyumba yenye sungura. Na kama sakafu yako ni ya udongo, kagua kando ya kuta, maana anaweza kuchimba mpaka nje.

Tena kuna joto. Tanga kati ya Januari na Machi joto hupita nyuzi 30 mchana, na hapo sungura anataabika. Hatoki jasho kama sisi, anapoza mwili kwa masikio. Ukimwona anahema upesi, mweke penye upepo na umpake maji masikioni. Usimtumbukize ndani ya maji, atashtuka.

Usiku ni habari nyingine. Mchana atembee, lakini jua likizama arudi ndani ya tundu lenye kitasa. Kanu, nguchiro na fungo hupenya chini ya mlango au kwenye makuti, na wakati huo wewe umelala. Siafu nao ni wabaya. Inua tundu juu ya miguu minne, kila mguu usimame ndani ya kopo la maji. Ongeza maji kila jioni, kwa sababu kwa joto letu hukauka upesi.