Kamera Ndogo Inayovuta Mbali: Tuliyojifunza Kwenye Mizani



Matawi kadhaa yameniuliza kama inafaa kutoa fedha za tawi kununua kamera, na hali karibu kila kijana leo ana simu inayopiga picha. Nitajibu kwa kueleza yaliyotupata sisi wenyewe katika shamba moja la chai, magharibi mwa Uganda, mwaka 2019.

Wachuma chai walilalamika kwamba mizani inawaibia. Ilikuwa mizani ya duara, ya kuning'inia, na kabla ya kutiwa kitu mshale wake ulisimama kilo 2 nyuma ya sifuri. Mama anayepima mara mbili kwa siku alipoteza kilo 4 kila siku. Lakini karani alikuwa amefunga kamba, na hakuna mchumaji aliyeruhusiwa kuivuka. Kijana mmoja akasimama kwenye kamba, kiasi cha meta 15, akavuta picha kwa vidole viwili kwenye simu yake, akapiga. Tulifurahi sana. Tulipofika kwa afisa wa kazi wa wilaya, picha ikakuzwa, na penye mshale pakaonekana wingu jeusi. Mwakilishi wa mwajiri akasema hicho ni kivuli. Tukarudi mikono mitupu.

Kosa letu lilikuwa nini? Chukua picha ya gazeti, kata kipande chake kidogo, kisha kitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona vitone vikubwa zaidi, lakini hutaona jambo jipya. Ndivyo simu nyingi zinavyofanya unapovuta kwa vidole. Simu yenye nukta milioni 12, ukivuta mara 4 kwa njia hiyo, inabakiza sehemu moja tu katika 16, yaani nukta laki saba na nusu, halafu inazitanua. Hiyo huitwa zumu ya dijitali. Zumu ya kweli ni ya lenzi: vioo vyenyewe husogea ndani ya mdomo wa kamera, na kitu cha mbali hujaza picha kwa nukta zote. Ziko simu za bei kubwa zenye lenzi ya kuvuta, lakini ni wachache kati yetu wanaozimiliki.

Mwanzoni mwa 2021 tawi lilinunua kamera iliyokwisha kutumika, Canon PowerShot SX740 HS, aina iliyotoka mwaka 2018. Inaingia katika mfuko wa koti, uzito wake hautimii gramu 300 pamoja na betri, na lenzi yake inavuta mara 40. Kutoka pale pale kwenye kamba, ikivutwa hadi mwisho, picha nzima inachukua upana wa nusu meta tu. Mizani ilijaa kioo! Mshale ulionekana, na tarakimu zilionekana. Afisa alipoiona akamwita mkaguzi wa vipimo, na mizani ikabadilishwa. Kilo za nyuma hazijalipwa, na dai hilo tunaendelea nalo.

Sasa yafaa niseme na udhaifu wake, kwa maana muuzaji hatausema. Kwanza, asikudanganye na namba 160. Hiyo ni 40 ya lenzi ikizidishwa kwa 4 ya dijitali, na hiyo 4 ndiyo iliyotuangusha. Ingia katika mipangilio, uizime. Pili, ukivuta mbali hivyo, hata pumzi yako inatikisa picha. Kamera ina kitulizo chake cha mtikisiko, nacho kinasaidia sana, lakini egemea mti au nguzo, upige picha tano badala ya moja.

Tatu ni mwanga, na hapa ndugu wa viwandani wasikilize. Lenzi ikiwa imevutwa yote, mwanga unaoingia ni kama robo tu ya ule unaoingia isipovutwa, na kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo kuliko ukucha. Nje mchana hutaona shida. Ndani ya kiwanda chenye taa hafifu, picha itajaa punje punje kama mchanga. Huko usivute, tembea ukaribie mashine. Flashi yake nayo haifiki mbali. Tena haina tundu la kuchungulia, hivyo jua kali likipiga kioo huoni unachokipiga.

Kitu kilichonipendeza ni kitufe kimoja. Ukivuta sana na kitu kikakupotea, unakibonyeza, lenzi inarudi nyuma, unakitafuta. Ukiachia, inavuta tena. Karani hakai mahali pamoja kukungojea, ndiyo maana nakisifu. Picha zinaweza kurushwa kwenye simu papo hapo, nasi hufanya hivyo mapema, kabla mtu hajadai kadi.

Rekebisha saa na tarehe kabla ya kutoka. Picha ya mwaka 2021 iliyoandikwa 2018 itakuaibisha mbele ya afisa. Piga mizani, usipige uso wa karani. Naye ni mfanyakazi, ana watoto. Mahali palipokatazwa kwa sheria usipige kabisa.

Ukinunua iliyotumika, iwashe na kuizima mara kumi ukisikiliza lenzi. Ikikwaruza, iache. Piga ukuta mweupe huku umevuta, utafute madoa ya vumbi.

Kwetu kamera hukaa kwa katibu, na anayeichukua hutia sahihi daftarini. Wanaoitaka kwa harusi hulipa kwanza, kwa sababu iliwahi kurudi na unga wa chapati katika mdomo wa lenzi, na tulikaa siku mbili tukiipangusa kabla haijakubali kufunguka.